Takwimu Ndani ya Eda: Binti Aliyesoma Chuo Bila Kuvuka Kizingiti

Watu wa pwani tuna neno chuo, nasi twalitumia kwa mambo mawili. Chuo ni pale mtoto anapopelekwa na juzuu yake kwapani akasome alifu na be mbele ya maalim. Chuo tena ni pale kijana anapokwenda, akarudi baada ya miaka na shahada mkononi. Kwa vyote viwili tulizoea kwamba mtu hutoka kwao akaifuata elimu iliko. Wazee wetu walipanda mashua wakaenda Lamu kukaa mbele ya masheikh wa Riyadha, na wengine wakavuka bahari hadi Hadharamaut. Hakuna aliyeota kwamba siku moja chuo kitamfuata mwanafunzi mpaka chumbani kwake.

Habari ninayotaka kuwasimulia leo, ndugu wasomaji, ni ya binti wa marehemu ndugu yangu. Ni muuguzi, naye alikuwa akikaa na mumewe mtaa wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa. Alikuwa na stashahada, akataka kuendelea hadi shahada. Masomo yote aliyotakiwa kuwa nayo alikuwa nayo isipokuwa moja tu, nalo ni takwimu. Mumewe, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alikusanya akiba yake akamlipia karo ya somo hilo katika chuo kimoja cha Marekani kinachofundisha kwa njia ya intaneti. Masomo yalianza Januari 2024. Wiki ya nne, katika siku za mwisho za mwezi wa Rajabu, mume akafariki ghafla.

KARO YA MAREHEMU

Kila Muislamu ajua hukumu ya mjane. Ni miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila wanja, bila hina, na kulala ni nyumbani kwa mumewe. Sheria haikumfungia mlango kabisa, kwani akiwa na haja mchana aweza kutoka. Lakini ada zetu za pwani ni nzito kuliko sheria, na majirani wana macho. Binti aliomba likizo kazini, akakaa ndani.

Matanga yalipoanuliwa, nilikwenda kumtazama. Nilimkuta na simu mkononi, macho mekundu. Nikadhani anatazama picha za marehemu. Akaniambia, "Ami, nimeandikiwa na chuo. Wasema naweza kuliacha somo, lakini karo hairudi. Muda wa kurudisha fedha ulipita wiki ya pili."

Nikamwambia, "Mwanangu, fedha ni ganda la ndizi. Pumzika."

Akainama kitambo, kisha akasema, "Ami, hii si fedha yangu. Aliinyima nafsi yake akanipa. Nikiliacha, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Sikuwa na jawabu. Nilikwenda kumuuliza sheikh wetu mmoja, mtu wa makamo asiye na papara. Akanitazama kama niliyeuliza kama maji yanywewa. Akasema kwamba eda inamzuia mjane kujipamba na kuchumbiwa, wala haimzuii kufikiri. Na asomaye ndani ya nyumba yake amejisitiri kuliko anayepokea wageni wa umbea kutwa nzima. Nikarudi na jawabu hilo, nikawa tangu siku hiyo ndiye mnunuzi wa bando la intaneti na mchukuzi wa karatasi.

PILAU NA SAMPULI

Mimi mwenyewe hesabu zilinishinda tangu darasa la saba. Lakini binti aligundua kwamba jambo asiloweza kulieleza kwa Kiswahili akaeleweka, yeye mwenyewe hajalifahamu. Basi kila alasiri aliniketisha ukumbini, mamake akiwa jikoni, akanisomesha mimi. Hivyo nimejikuta nimelisoma somo la chuo kikuu bila ya kulipa senti.

Neno takwimu lenyewe limetoka Arabuni, ila Waarabu hulitumia kwa maana ya kalenda. Hesabu hizi wao huziita ihsaa. Sisi tulilichukua neno tukalipa kazi nyingine. Na kazi yenyewe, kwa nilivyoelewa, ni kupata habari za wengi kwa kutazama wachache, kisha kusema kwa uaminifu ni kiasi gani unaweza kuwa umekosea.

Alianza na wastani. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296, ikasema wastani wa watu katika kaya moja ni 3.9. Nikacheka, nikauliza ni nyumba gani ina watu watatu na vipande tisa vya mtu. Akasema, "Ndiyo maana yake, Ami. Wastani si mtu. Ni mizani." Kisha akanipa mfano: tuseme wauza mahamri wanne kila mmoja apata shilingi mia tano kwa siku, na wa tano, mwenye hoteli, apata elfu kumi. Ukitoa wastani utasema kila mmoja apata shilingi elfu mbili na mia nne, na hapo wanne kati ya watano umewasingizia utajiri. Ukiwapanga kwa safu kutoka mdogo hadi mkubwa, ukamshika wa katikati, utapata mia tano, na hiyo ndiyo hali halisi ya wengi. Huyo wa katikati huitwa medieni. Tangu siku hiyo, nikisikia mkubwa asema wastani wa mapato umepanda, huuliza moyoni: na wa katikati je?

Kisha ikaja sampuli. Hapo hakuhitaji maneno mengi, maana mpishi wa harusi alijua jambo hili kabla ya vyuo. Sufuria la pilau la watu mia tatu haonji lote. Huonja kijiko kimoja, akajua chumvi. Wala kijiko hakihitaji kuwa kikubwa kwa sababu sufuria ni kubwa. Lakini sharti awe ameligeuza sufuria vizuri. Akionja juu tu, hatajua ya kuwa chini kumeungua. Ndiyo hivyo hivyo kwa watu. Ukitaka kujua mji mzima wasemaje juu ya jambo, ukasimama mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa ukauliza mia mbili, umeonja upande mmoja wa sufuria. Wanawake walio majumbani, wagonjwa, wavuvi walio baharini, wote hukuwaonja. Na ungewauliza elfu mbili pale pale mlangoni, kosa lingebaki lile lile.

Nilimwambia kwamba masheikh wetu wana jambo linalokaribia hilo. Katika elimu ya hadithi, habari iliyopokewa na wengi katika kila tabaka hata isiwezekane kuwa walikula njama, ina daraja yake. Na habari ya mmoja mmoja ina daraja nyingine, nayo hupimwa kwa msimulizi wake. Jambo kubwa si wingi peke yake, bali kwamba mashahidi hawakunong'onezana. Binti akaandika pembeni mwa daftari lake, akasema maneno hayo hayo yako katika somo la wiki ya tisa: shahidi mmoja asitegemee maneno ya mwenziwe.

MUUGUZI WA ISTANBUL NA MWANACHUONI WA BAGHDAD

Wako watakaosema kwamba hesabu hizi ni mambo ya Wazungu. Katika karne ya 9, mwanafalsafa al-Kindi, aliyefanya kazi Baghdad, aliandika risala ya kufumbua maandishi ya siri. Alieleza kwamba mtu achukue maandishi ya kawaida ya lugha ile, ahesabu kila herufi imetokea mara ngapi, kisha alinganishe na herufi za maandishi ya siri. Herufi iliyozidi huku itafanana na iliyozidi kule. Hiyo ni takwimu tupu, na risala yenyewe imehifadhiwa Istanbul hata leo.

Istanbul hiyo hiyo, miaka elfu moja hivi baadaye, alifika Muingereza Florence Nightingale katika vita vya Crimea, mwaka 1854, kuwauguza askari katika hospitali ya Scutari, upande unaoitwa sasa Üsküdar. Wengi wamjua kwa taa yake. Wachache wajua kwamba alihesabu. Aliporudi kwao alionyesha kwa michoro kwamba askari wengi zaidi waliuawa na maradhi yaliyoweza kuzuiliwa kwa usafi kuliko waliouawa na majeraha ya vita. Mwaka 1858 alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza mwanachama wa chama cha takwimu cha Uingereza. Binti aliposoma habari hiyo, alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe muuguzi na kalamu hawakukutana leo."

SAA ILIYOIBWA

Msidhani mambo yalikwenda kama maji mtoni. Masomo yale yalikuwa ya video zilizorekodiwa, mazoezi yanayosahihishwa na kompyuta papo hapo, na mtihani mdogo kila wiki ambao mwisho wake ulikuwa Jumapili usiku wa manane kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu huku hiyo ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Binti alilizoea hilo; hufanya usiku, mtandao ukiwa mwepesi, akamalizia baada ya sala ya alfajiri.

Jumatatu ya tarehe 11 Machi, Ramadhani ikiwa yabisha hodi, alifungua simu saa moja u nusu akakuta mlango umefungwa. Alama ni sifuri. Tulidhani mtambo umeharibika. Kumbe Wamarekani, jana yake, walisogeza saa zao mbele kwa saa moja kama wafanyavyo kila mwaka mwezi wa Machi, na mwisho wa mtihani ukawa saa moja asubuhi ya kwetu. Sisi wa ikweta, ambao jua letu halibadiliki, tutajuaje? Aliandika kueleza. Akajibiwa kwa upole kwamba kanuni zilikuwa wazi tangu mwanzo.

Mwezi mtukufu ukapita hivyo: daku, alfajiri, hesabu. Siku ya Idi hakuvaa nguo mpya wala hakutia udi. Aliniletea tambi na sahani ya uwezekano wa karata za kutupa, akisema kwamba kwa yeye, hesabu imekuwa mahali pa kuweka akili isizurure.

MWALIMU NI NANI?

Hapa pana swali kubwa, nalo ndilo lililonifanya niandike. Katika mila yetu elimu ina nasaba. Mwanafunzi hukaa mbele ya sheikh, sheikh alikaa mbele ya sheikh wake, na mwisho hupewa ijaza inayotaja mnyororo huo. Je, aliyefundishwa na kioo ana mwalimu?

Jambo hili limepimwa huko huko Marekani, na limepimwa kwa takwimu. Mwaka 2012 ilitolewa taarifa ya jaribio lililofanywa katika kampasi sita za vyuo vikuu vya umma. Wanafunzi 605 waliokuwa wakianza somo la takwimu waligawanywa kwa bahati nasibu, ili makundi mawili yawe sawa. Kundi moja lilisoma darasani kwa saa tatu au nne kwa wiki kama kawaida. La pili lilisoma kwa masomo ya kompyuta yaliyotungwa na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, likakutana na mwalimu saa moja tu kwa wiki. Mwisho wake makundi yote mawili yalikuwa sawa katika mitihani, na lile la kompyuta lilitumia muda pungufu kwa kiasi cha robo. Lakini angalieni: mwalimu hakuondolewa. Alipunguziwa saa tu.

Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha San José State cha California kilishirikiana na kampuni ya Udacity, wakatoa masomo matatu ya hesabu kwa intaneti, takwimu likiwamo, kwa dola 150 kila moja. Awamu ya kwanza, katika somo la takwimu walipasi karibu nusu tu, hali ya kuwa darasani hupasi kiasi cha robo tatu. Kelele zikawa nyingi, mpango ukasimamishwa kwa muda. Kisha awamu ya kiangazi ikaja na habari nyingine: waliopasi takwimu walikuwa 83 katika kila mia. Je, kioo kilikuwa kimejifunza kufundisha kwa miezi michache? Yapo yaliyorekebishwa. Lakini zaidi ya nusu ya wanafunzi wa kiangazi walikuwa tayari na shahada zao, na wale wa kwanza walikuwamo vijana wa shule za sekondari na waliokwisha kuanguka hesabu kabla. Sufuria mbili mbalimbali, na mtu analinganisha chumvi! Nilipomweleza binti haya, akasema hilo lenyewe lingefaa kuwa swali la mtihani.

Kwa hiyo jawabu langu ni hili: kioo chaweza kumfikisha mtu, lakini humfikisha haraka yule aliyekwisha kujua kutembea. Anayeanza anahitaji mtu. Na hata binti yetu, pamoja na stashahada yake, hakusoma peke yake. Alikuwa na ami wa kumsomesha. Mimi sikujua lolote, na hapo ndipo nilipomfaa.

KAMERA CHUMBANI

Mtihani wa mwisho ulikuwa Mei, angali edani. Kanuni ilisema kwamba mwanafunzi awashe kamera, aonyeshe kitambulisho na uso, azungushe kamera chumba kizima, kisha msimamizi amtazame kutoka mbali mpaka amalize. Msimamizi aliyepangiwa alikuwa mwanamume.

Nyumba ilitikisika. Mamake akasema basi, yaishe hapa. Kitanda cha mjane, nguo zake, atazamwe na mwanamume asiyemjua! Nilirudi tena kwa sheikh. Akanikumbusha kwamba wanavyuoni wa Kishafii walikwisha kutaja haja ambazo uso wa mwanamke huruhusiwa kutazamwa, kama ushahidi, biashara na mafunzo, kwa kadiri ya haja. "Lakini," akasema, "kwa nini msiombe mwanamke? Kuomba si haramu."

Tukaandika barua, mimi na binti, kwa maneno ya heshima. Jawabu la kwanza lilikuwa kanuni ni kanuni. Tukaandika ya pili, tukaeleza eda ni nini, miezi minne na siku kumi, na ya kuwa hatuombi mtihani upunguzwe wala usimamizi uondolewe. Twaomba tu msimamizi awe mwanamke. Siku ya tatu mtu akajibu, na hapo ndipo tulipojua kwamba nyuma ya kioo kuna mtu. Alitoa pole kwa msiba, akasema msimamizi atakuwa mwanamke, na tungelisema mapema jambo lingekuwa jepesi. Tulilitoa kabati chumbani, tukaweka meza na mkeka, binti akakaa saa mbili u nusu. Sisi wengine tulikaa ukumbini kama walio nje ya chumba cha uzazi.

ALIPOTOKA

Matokeo yalikuja wiki mbili baadaye. Alipasi. Si kwa alama ya juu kabisa. Ile sifuri ya Machi ilimvuta chini, akapata daraja ya pili. Alilia, na safari hii hatukumuuliza kwa nini. Eda yake iliisha Juni, siku chache kabla ya Idi ya Kuchinja. Siku ya kwanza alipotoka alikwenda makaburini, mimi nikamsubiri langoni. Alipotaka kusema jambo njiani kurudi, akalimeza, akaniuliza badala yake kama bando limebaki.

Ndugu wasomaji, sisemi kwamba chuo cha kioo kifute vyuo tulivyonavyo. Vyuo vikuu viwili vya kwetu, cha Ufundi cha Mombasa na cha Pwani kule Kilifi, vilipata hati zao mwaka 2013, na mwenye nafasi ya kukaa darasani akae. Wala kusoma kwa mbali si jambo geni: Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza kusomesha mwaka 1971, Watanzania wakaanzisha chao miaka ya 90, na Kenya ikapata Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023. Lakini tuna mabinti wengi ambao mlango kwao ni mzito, kwa eda, kwa uzazi, kwa kumuuguza mzazi, au kwa maneno ya watu tu. Hao chuo kimewafuata ndani. Tusikifukuze.

Na kwa anayetaka kujaribu, nampa aliyoyapata binti yetu kwa taabu. Asome kanuni za mwisho wa karo kabla ya kulipa. Ageuze saa zote za mitihani ziwe za kwetu, na Machi na Novemba azigeuze upya. Ajue mapema mtihani wa mwisho husimamiwa vipi, na akiwa na haja ya kisheria aiseme siku ya kwanza, kwa adabu, tena kwa maandishi. Na kila jioni amtafute mtu mmoja nyumbani asiyejua kitu, amsomeshe. Mtu huyo hakosekani katika nyumba yoyote. Katika ile ya Kibokoni alikuwa mimi, na hata leo nikiona sufuria la pilau harusini, hunijia hamu ya kuuliza kama limegeuzwa.